Mbuni wa Olduvai na Swali la Daktari Lowe

Ukisimama asubuhi pwani ya Dunda, katika mji wa Bagamoyo, wakati maji yamekupwa, utaona ndege wa namna nyingi. Yangeyange weupe hutembea taratibu matopeni wakitafuta visamaki. Membe huzunguka juu ya ngalawa za wavuvi. Kunguru hugombea matumbo ya samaki mchangani. Na upande wa mto Ruvu, juu ya mikoko, mwewe huelea bila kupiga bawa. Nyuma yako, uani, kuku anaparua mavumbi pamoja na vifaranga vyake. Wote hao ni ndege, lakini hawakupewa uwezo ulio sawa. Mwewe hupaa hata macho yakamkosa. Kuku hurukia ukuta au tawi la kulalia, naye akizidi sana huvuka ua wa jirani. Na huko bara, katika mbuga za Wamasai, yuko ndege mkubwa kuliko wote walio hai, naye haruki kabisa. Huyo ni mbuni.

Mbuni dume aliyekomaa hupita kimo cha mtu mrefu, maana kichwa chake hufika mita mbili na nusu kutoka chini. Uzito wake hupita kilo 100. Akikimbia kwa nguvu zake zote hufikia mwendo wa kilomita 70 kwa saa, na hapana farasi wa kawaida awezaye kumpata. Lakini mabawa yake ni madogo, na manyoya yake yamelegea, hayashikani pamoja kama manyoya ya mwewe. Akiwa mbioni huyatandaza mabawa hayo apate kugeuka upesi asianguke, na wakati wa kutaka jike huyapunga kwa kujionyesha. Kazi ya kuruka hayaijui.

Basi, lipo swali. Je, mbuni ni ndege ambaye wazee wake wa zamani walijua kuruka, kisha wakaacha? Au ni ndege ambaye ukoo wake haukupata kuruka hata siku moja tangu mwanzo wa dunia ya ndege? Swali hili laonekana kuwa la mchezo, kama vitendawili vya jioni. Lakini limewashughulisha wenye elimu kwa zaidi ya miaka mia moja, na yuko mtu mmoja aliyelitolea sehemu kubwa ya maisha yake. Jina lake ni Percy Lowe. Mifupa mingine aliyoichunguza ilitoka katika nchi yetu.

Lowe alizaliwa Stamford, Uingereza, mwaka 1870, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Vita vya Makaburu vilipopiganwa Afrika ya Kusini, tangu mwaka 1899 mpaka 1902, alikwenda huko kutibu majeruhi, na huko ndiko alikoanza kuwapenda ndege. Aliporudi akawa daktari wa tajiri mmoja aliyekuwa na chombo chake mwenyewe cha kusafiria baharini. Majira kadhaa ya baridi walikwenda pamoja katika visiwa vya bahari ya Karibi, na kila walipotia nanga daktari alishuka pwani kutazama ndege. Nadhani mgonjwa wake hakuwa mgonjwa sana. Mwaka 1911 alitoa kitabu juu ya visiwa hivyo, na mwaka 1919 akapewa kazi ya kuwatunza ndege wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, katika mji wa London. Nisemapo kuwatunza ndege, sisemi kuwapa mtama na maji. Ndege hao ni ngozi, mifupa na mayai, vilivyokusanywa kutoka pande zote za dunia na kupangwa katika makabati kwa maelfu. Kazi hiyo aliishika mpaka mwaka 1935.

Angalieni jinsi kazi ya kwanza ilivyomfaa katika kazi ya pili. Daktari amezoea kuushika mfupa na kuuliza: huu ni wa kiungo gani, nao wafanya kazi gani? Lowe aliwauliza ndege maswali hayo hayo. Wenzake wengi wa siku zile walitazama rangi za manyoya na urefu wa midomo. Yeye alitazama fuvu, kaakaa, kidari na nyonga.

Sasa tuondoke London twende Olduvai. Bonde hili liko kaskazini ya nchi yetu, kati ya Ngorongoro na mbuga ya Serengeti. Jina lake la asili ni Oldupai, nalo kwa Kimasai ni mkonge wa porini uotao humo kwa wingi. Wazungu walilisikia vibaya, wengine wakaandika Olduvai, wengine Oldoway. Mwaka 1911 alifika daktari Mjerumani jina lake Kattwinkel, akaokota mifupa iliyogeuka mawe. Mwaka 1913 akaja Hans Reck kuchimba. Na mwaka 1931 Louis Leakey, aliyezaliwa Kenya, alikwenda huko pamoja na Reck huyo huyo, na tangu hapo jina la bonde hilo likaenea ulimwenguni.

Mfupa hugeukaje kuwa jiwe? Zamani sana mahali pale palikuwa na ziwa, na milima ya moto iliyo karibu ilitapika majivu mara kwa mara. Mnyama aliyekufa ukingoni mwa ziwa alifunikwa na matope, kisha na majivu. Nyama ilioza, mfupa ukabaki. Maji yenye chumvi za mawe yakapenya katika vijitundu vya mfupa, yakaziacha chumvi hizo ndani, kidogo kidogo, mpaka mfupa ukawa jiwe lenye umbo lile lile la kwanza. Mfupa wa namna hiyo huitwa kisukuku. Baada ya zama nyingi maji ya mto yalilikata bonde, na matabaka ya udongo yakaonekana wazi kandoni, moja juu ya jingine, kama chapati zilizopangwa sahanini. La chini ni la kale kuliko la juu.

Visukuku vya ndege ni haba kuliko vya wanyama wengine, na sababu yake mwaijua mkikumbuka mlivyomla kuku. Mfupa wa ndege ni mwembamba, na ndani mwake mara nyingi ni mtupu, ili mwili uwe mwepesi. Fisi huutafuna ukaisha wote. Jua na mvua huupasua upesi. Mbuni ndiye wa namna yake peke yake, maana mifupa yake ni mizito na minene kama ya punda, nayo hudumu.

Vipande vya nyonga vya mbuni wa kale wa Olduvai vilimfikia Lowe, akavipima na kuvilinganisha na nyonga za mbuni wa siku hizi. Nyonga ni mfupa wenye maneno mengi kwa mjuzi. Katika ndege wengine, mifupa miwili ya chini ya nyonga huelekea nyuma, nayo haikutani, yai lipate nafasi ya kupita. Ya mbuni hukutana chini na kuungana, na hapana ndege mwingine aliye hai mwenye mwungano huo. Lowe aliona kwamba mbuni huyu alikuwa mkubwa kuliko wa leo. Mwaka 1933 akaandika habari zake katika jarida la wataalamu wa ndege, akampa jina Struthio oldawayi, yaani mbuni wa Oldoway. Wako waonao leo kwamba alikuwa ni mbuni yule yule wetu, ila wa mbari kubwa. Neno hilo halijaisha. Katika maandishi yale yale Lowe alieleza pia vigae vya mayai ya mbuni vilivyookotwa jangwani kusini mwa Arabia na msafiri St. John Philby. Mbuni wa asili wa huko Arabia ametoweka. Vigae vimebaki kuwa mashahidi.

Lowe hakuwa na njia ya kuhesabu miaka ya mfupa wake. Yeye alijua tu kwamba ni wa kale mno. Ilikuwa mwaka 1961 ndipo wataalamu walipopima majivu ya mlima wa moto yaliyo katika tabaka la chini la Olduvai, wakapata miaka milioni 1.75.

Lakini nyonga peke yake isingeweza kulijibu swali lake kubwa. Ili tulifahamu jibu alilolitoa, hatuna budi kurudi kwa kuku wetu na kumtazama kidari.

Mtoto wa Bagamoyo hahitaji kuelezwa mkuku wa jahazi ni kitu gani. Ni ule mti mrefu wa chini, ambao chombo chote hujengwa juu yake. Mfupa wa kidari cha kuku nao una mkuku wake: ukingo mrefu uliosimama katikati, na nyama nyeupe imeshika huku na huku. Nyama hiyo ndiyo misuli ipigayo mabawa. Ndege aliye hodari wa kuruka ana mkuku mkubwa. Basi kidari cha mbuni hakina mkuku hata kidogo. Mfupa wake ni bapa kama chelezo. Wenye elimu waliwapa ndege wa namna hiyo jina lililotoka katika neno la Kilatini, na maana ya neno hilo ndiyo chelezo. Ndugu zake mbuni katika jamii ya chelezo wako mbali mbali: emu wa Australia, rea wa Amerika ya Kusini, na kiwi wa Nyuzilandi, ambaye ukubwa wake ni kama wa kuku. Katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, alikuwako mwingine mkubwa kuliko mbuni, ambaye yai lake moja laweza kuchukua lita nyingi za maji, huyo ametoweka.

Lowe alivipanga vitu alivyoviona. Kidari hakina mkuku. Kaakaa la mbuni limejengwa kwa namna isiyo ya ndege wengi. Mifupa ya fuvu hukawia kushikana, kama ya kifaranga. Na manyoya yake mpaka uzeeni ni malegevu, kama yale manyoya laini ya kifaranga aliyetoka katika yai juzi. Akasema: hizi zote ni dalili za ukale. Mbuni ametoka katika ndege wa kwanza kabisa, kabla ya ndege kupata ufundi wa kuruka. Wazee wake hawakuruka kamwe. Hayo aliyaandika mwaka 1928, na baada yake akasema vivyo hivyo juu ya pengwini, ndege wa bahari za kusini waogeleao kama samaki. Alishika neno lake mpaka mwisho wa maisha yake. Alifariki mwaka 1948.

Mwaka 1956 alitokea mtu wa kumjibu. Huyo ni Gavin de Beer, ambaye wakati ule alikuwa mkuu wa jumba lile lile la makumbusho la London ambamo Lowe alifanya kazi. Hakuleta mfupa mpya. Alimtazama mbuni yule yule, akauliza swali jingine: kama wazee wa mbuni hawakuruka kamwe, mbona mwili wake una vyombo vya kurukia?

Siku mtakapokula kuku nyumbani, ombeni bawa moja lililochemshwa, mkalivue nyama polepole. Mtaona kwamba bawa ni mkono. Upo mfupa mmoja wa juu kama wa mkono wako, kisha mifupa miwili ya kigasha, kisha kiganja. Lakini kiganja cha kuku si kama chako. Mifupa yake imeshikana ikawa mmoja, ili manyoya marefu ya kurukia yapate mahali imara pa kushikilia. Pembeni mwake kuna kidole kidogo kilicho peke yake. Kidole hicho nacho huwa na manyoya, na ndege hukiinua anapotua, upepo usimponyoke akaanguka.

Sasa, mbuni ana kiganja kilichoshikana vile vile, na kidole kile cha pembeni anacho. Mifupa ya mwisho ya mkia wake imeungana kuwa mmoja, kama ilivyo katika ndege warukao, ambao mkia ni usukani wao. Sehemu ya nyuma ya ubongo wake, iongozayo mizani ya mwili, imefanana na ya ndege wa angani. Mtu akiingia katika nyumba iliyo mbali na pwani, akakuta darini kasia na tanga kuukuu, atasema mwenye nyumba hakupata kwenda baharini? Aweza kuwa sasa ni mkulima, na kasia amelifanya mti wa kuanikia nguo. Lakini zamani palikuwa na baharia katika nyumba ile.

Na ule ufanano na kifaranga? De Beer hakuukana. Alisema kwamba Lowe ameuona sawasawa, ila ameusoma kinyume. Mbuni hafanani na kifaranga kwa kuwa yeye ni wa kale. Afanana nacho kwa sababu mwili wake umekua ukawa mkubwa, na manyoya na fuvu vikabaki na dalili za utoto. Kila kifaranga cha kuku unachokiona uani Dunda huvaa manyoya laini kwanza, ndipo huota manyoya ya kurukia baadaye. Mbuni ni kama aliyesimama njiani.

Hapo mwaona jambo linalowafanya wenye elimu wagombane na huku wakihitajiana. Dalili ilikuwa ile ile moja, na watu wawili wenye akili waliisoma mara mbili, wakapata habari mbili zisizopatana. De Beer asingaliweza kusema lolote kama Lowe asingalifanya kazi ya kupima na kuchora kwa miaka mingi.

Shauri hili lilikatwa kwa njia ambayo wote wawili hawakuijua. Katika kila chembe ya mwili wa kiumbe yamo maandishi ya urithi, ambayo mtoto huyapata kwa baba na mama. Wataalamu wa siku hizi wanaweza kuyasoma, na kwa kuyalinganisha hujua nani ni ndugu wa karibu na nani wa mbali. Mwaka 2008 walichapisha habari za ndege wa chelezo. Ikaonekana kwamba ndani ya ukoo wao, si kando yake, wamo tinamu wa Amerika, ndege wafananao na kwale, nao huruka. Mwaka 2014 maandishi ya urithi yaliyotolewa katika mifupa ya yule ndege mkubwa wa Bukini yalionyesha kwamba ndugu yake wa karibu kuliko wote si mbuni wa Afrika aliye jirani, bali ni yule kiwi mdogo wa Nyuzilandi, ng'ambo ya bahari nzima ya Hindi na zaidi. Ndugu hao walifikaje visiwani, huku na huku? Wazee wao waliruka. Kuruka kuliachwa si mara moja, bali mara nyingi, katika nchi mbali mbali, na kila mahali umbo likaja likafanana.

Basi Lowe alikosa katika swali alilolipenda kuliko yote. Lakini haifai kumtupa. Mwaka 1935 aliandika juu ya ufanano wa mbuni na wale mijusi wakubwa wa kale, wakati ambapo wengi hawakutaka kusikia maneno hayo. Leo wataalamu wanakubali kwamba ndege wote, si mbuni tu, bali na kunguru wa Dunda pia, wametoka katika jamii moja ya mijusi hao, wale waliotembea kwa miguu miwili. Mifupa ya mijusi wakubwa ilichimbwa katika nchi yetu huko Tendaguru, karibu na Lindi, tangu mwaka 1909 mpaka 1913, na wachukuzi wakaibeba mpaka pwani ipelekwe Berlin. Matabaka ya Tendaguru umri wake ni karibu miaka milioni 150, na ndio umri wa yule ndege wa mawe wa Ujerumani aitwaye Archaeopteryx, mwenye manyoya na meno na mkia mrefu wa mifupa. Juu ya huyo nako Lowe alikosea, kwa kuwa alimhesabu kuwa mjusi mwenye manyoya asiyehusiana na ndege wa leo.

Kazi ya mbuni wa kale haikukoma nchini kwetu. Kusini ya Olduvai kuna mahali paitwapo Laetoli, penye vigae vingi vya mayai ya mbuni. Kigae cha yai, ukikitazama kwa kioo cha kukuzia, kina vitundu ambavyo mtoto aliye ndani huvutia pumzi, na kila namna ya mbuni ina mpango wake wa vitundu. Charles Msuya wa Tanzania pamoja na Terry Harrison walivilinganisha vigae hivyo, tabaka kwa tabaka, na mwaka 2005 wakatangaza kwamba katika matabaka ya chini alikuwako mbuni wa namna nyingine, wakampa jina Struthio kakesiensis, kwa jina la Kakesio. Kisha katika matabaka ya juu yake akaingia mbuni kama huyu wetu, zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita.

Katika Laetoli hiyo hiyo limeonekana tabaka la majivu lenye nyayo. Mwaka 1978 watu wa Mary Leakey walikuta humo nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi, nazo ndizo zilizosifiwa magazetini. Lakini kando yake zilikuwako na za ndege: nyayo kubwa za mbuni, na nyayo ndogo za kanga, nyingi, zikikatana huku na huku, kama mnavyoziona asubuhi shambani nyuma ya kijiji. Kanga hao walipita hapo miaka milioni 3.66 iliyopita. Majivu yalikuwa yamelowa kidogo kwa manyunyu ya mvua, na matone yake nayo yameacha alama, vishimo vidogo vidogo vya mviringo, vikageuka jiwe pamoja na nyayo.